Nilipoandika "Nyarnira"

Mwaka 2006 saiba za mjini Kisii zilitoza shilingi moja kwa dakika. Nilikuwa nimetoka kwetu Ikonge alfajiri, nikabadilisha matatu Nyamira, na nilipokwisha kutenga nauli ya kurudi nikabaki na shilingi sitini. Nilikuwa na saa moja ya kuiuliza dunia nzima swali langu.

Swali lenyewe lilikuwa la chai. Mhariri wa redio fulani alikuwa ameniahidi kuwa nikimpelekea habari yenye ushahidi, si ya kusikia sokoni, angenifanya mwakilishi wake Nyamira. Kwetu hakuna jambo linalozungumzwa kama bonasi ya chai: kila mwaka wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, kama sisi wa Nyamira, hulalamika kwamba wenzao wa mashariki wamelipwa zaidi kwa kilo. Basi nikaketi mbele ya kompyuta nikaandika kwa adabu zote nilizofunzwa shuleni: "Tafadhali naomba kujua kwa nini wakulima wa chai wa Nyamira hupata bonasi ndogo."

Wakati huo Afrika Mashariki bado ilitegemea setilaiti. Nyaya za baharini zilikuja kufika Mombasa mwaka 2009. Ukurasa ulishuka kipande kwa kipande kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ulipokamilika haukuwa na Nyamira wala bonasi. Nikaongeza maneno, nikapata upuuzi zaidi. Dakika arobaini zikateketea.

Kijana wa saiba alikuwa akinitazama. Akaja, akaegemea meza, akacheka kidogo. "Siste, hii mashine si chifu. Usiiandikie barua."

Akafuta sentensi yangu yote. Akaniuliza: karatasi unayoitafuta nani aliiandika? Nikasema labda shirika la chai. "Na wao bonasi huiita bonasi?" Sikujua. Akaandika jina la shirika, akaandika "malipo ya pili" kwa Kiingereza, akayafunga maneno hayo kwa alama za usemi ili yatafutwe yakiwa yamefuatana vivyo hivyo. Safari hii chai ikatokea. Sisi tunaokunywa chai hiyo tunasema bonasi. Wanaoweka hesabu zake wanasema malipo ya pili.

"Usiiambie unachotaka kujua," akasema huku akirudi kwenye kiti chake. "Iambie kilichoandikwa."

Nimekuwa mwandishi wa habari tangu siku hiyo, na nimehudhuria warsha nyingi zenye chai ya saa nne na vyeti vya kutia kwenye fremu. Sijasikia somo la utafutaji lililopita lile la shilingi sitini.

Baadaye niligundua kwamba somo hilo tulikuwa nalo nyumbani. Shuka stendi ya Ikonge uulize, "Kwa Moraa ni wapi?" Watu watakutazama kwa huruma. Moraa wako wangapi? Lazima useme ni mke wa nani, mkwe wa mzee yupi, wa ukoo gani, anasali kanisa la Sabato au la Katoliki, nyumba yake iko juu ya kituo cha kuuzia majani chai au chini yake. Ukitaja mawili matatu kati ya hayo, mwendesha boda boda hakuulizi tena, anawasha pikipiki. Mtandao nao una Moraa wengi. Anayeupa jina tupu hupewa majina matupu.

Tena jina hubadilika kwa kinywa kinacholitaja. Katika Ekegusii, mama huitwa baba, naye baba huitwa tata. Mgeni akimsikia mtoto wa kwetu akilia "baba, baba!" kisha aandike kwamba mtoto alimlilia baba yake, atakuwa ameandika uongo bila kudanganya. Na serikali zilizopita zilikuwa wageni wa namna hiyo. Ikonge yetu leo iko Kaunti ya Nyamira, eneo bunge la Mugirango Kaskazini. Lakini Nyamira ilipewa wilaya yake mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii, na enzi za Mwingereza eneo hili lote lilihesabiwa ndani ya Kavirondo ya Kusini, baadaye Nyanza ya Kusini. Anayetafuta habari za mwaka 1938 kwa kuandika "Kaunti ya Nyamira" anamwita mtu kwa jina ambalo hajapewa.

Nilijifunza hayo polepole, na kati yake niliaibika.

Masika ya mwaka 2013 mvua ilinyesha kwa wiki nzima. Rafiki akanitumia picha kutoka Facebook: daraja limekatika, watoto wenye sare wanavuka mto kwa kamba huku vitabu vikiwa vichwani. Maelezo yalisema ni mto wa kwetu, kilomita chache kutoka Ikonge. Nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na viongozi, na picha ile ilisema nilichotaka kusema. Nikaituma. Ikachapishwa kwenye tovuti moja, chini yake jina langu.

Saa mbili baadaye simu ikaanza kulia. Mwalimu wa jirani alinipigia akiwa amesimama juu ya lile daraja. "Mimi niko hapa," akasema, "na daraja nalo liko hapa. Wewe uko wapi?" Picha ilikuwa ya Asia, na ilikuwa imezunguka mtandaoni miaka miwili. Tovuti iliondoa habari bila kuomba radhi. Mimi niliomba radhi sokoni, mtu kwa mtu, mwezi mzima.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Kifaa cha kutafuta picha kwa picha kilikuwapo tayari. TinEye ilianza mwaka 2008, na Google ikaruhusu watu kupakia picha na kuuliza ilikotoka mwaka 2011. Unaweka picha, mashine inakuonyesha mahali pengine ilipowahi kuwekwa, nawe unashuka hadi kwenye tarehe ya zamani kabisa. Ingenichukua dakika moja. Mimi sikujua kwamba picha nayo inaweza kuulizwa: ulizaliwa wapi, lini, na umepita mikononi mwa nani?

Mwaka 2018 niliona jinsi swali hilo linavyoweza kufika mbali. Video ilikuwa imesambaa ikionyesha wanajeshi wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wao, na serikali ya Cameroon ikasema ni habari bandia. Waandishi wa BBC Africa Eye wakaanza na kitu ambacho mtu yeyote wa milimani angekiona: mstari wa vilima nyuma ya watu. Wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka ukakubaliana na vilima vya kaskazini mwa Cameroon, karibu na mji wa Zelevet. Kwa kuangalia nyumba zilizokuwapo na ambazo hazikuwapo bado, wakapunguza miaka. Kisha wakapima vivuli vya wanajeshi waliokuwa wakitembea, kama wazee wetu walivyojua saa kwa kivuli cha mti, wakafika kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 wanajeshi wanne walihukumiwa kifungo cha miaka kumi. Nilipoitazama filamu ile niliwaza: nami nimezungukwa na vilima maisha yangu yote na sikuwahi kuviuliza kitu.

Kwetu ujuzi huu si wa fahari. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Wiki iliyofuata kila kundi la WhatsApp lilikuwa na picha na sauti za "wachawi wengine walionaswa." Moja ilitua kwenye kundi la kijiji chetu ikiwa na ujumbe kwamba bibi aliye pichani anatoka kilima cha pili. Vijana walikuwa wameshaanza kuulizana nyumba. Niliiweka picha kwenye kitafutio nikiwa bado na sahani mkononi. Ilikuwa ya nchi nyingine, ya miaka mingi nyuma, na haikuhusu uchawi kabisa. Nikatuma kiungo kundini, kisha nikampigia simu mzee wa mtaa, maana kiungo peke yake hakizuii mguu ulioanza kutembea. Usiku ule ukapita salama. Siwezi kuthibitisha kwamba ningenyamaza kungetokea jambo. Ninachojua ni kwamba sikula tena chakula kile.

Kuna utafutaji mwingine usio na kishindo, ambao ndio mkate wa kila siku wa kazi hii. Huku kwetu siasa hufanywa kwenye mazishi. Mheshimiwa mmoja alisimama kando ya jeneza akadai kwamba watu wa Nyamira wamepita milioni moja, kwa hiyo tunadhulumiwa mgao. Umati ukapiga makofi. Nikatoa simu, nikaandika jina la kaunti, "sensa 2019" kwa Kiingereza, kisha nikaongeza site:go.ke ili nipate tovuti za serikali pekee, na filetype:pdf kwa sababu idara zetu hufungia takwimu zake humo. Matokeo ya sensa yakaja: Nyamira 605,576, Kisii 1,266,860. Huenda Mheshimiwa alichanganya kaunti, huenda hakuchanganya. Habari yangu iliweka maneno yake na tarakimu kando kwa kando, bila kivumishi hata kimoja.

Sasa nije kwa Nyarnira.

Mwaka 2017 mzee mmoja alinijia nyumbani Jumapili jioni. Nilimwamkia, nikamwita tata kama inavyompasa mtu wa umri wa baba yangu, nikampa kiti kivulini. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye karatasi. Baba yake alifariki miaka ya 1980 akaacha shamba la chai. Mzee na ndugu zake walilima humo miaka yote. Mwezi uliopita alikuja mtu mwenye hati iliyosema shamba ni lake, alilinunua kwa msimamizi halali wa mirathi. "Mwanangu," akasema, "sisi hatujafanya saksesheni. Sasa huyo msimamizi alitoka wapi?"

Nilijua jambo moja. Nchini Kenya, mtu akiomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu, tangazo lazima litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, na anayepinga hupewa siku thelathini tangu litoke. Gazeti hilo limekuwapo tangu mwaka 1899, na matoleo yake mengi ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Kama kulikuwa na msimamizi, basi mahali fulani kulikuwa na mistari michache yenye jina la marehemu. Familia haikuiona kwa sababu wakati huo hakuna mtu kijijini aliyewahi kulishika gazeti hilo.

Nikaandika jina la marehemu. Tuseme aliitwa Zakaria Ong'era, maana majina nimeyabadilisha. Hakuna. Nikakumbuka alama ya neno ng'ombe, ile koma ya juu ambayo makarani huichukia. Nikaandika Ongera. Nikaandika Ong era, kwa nafasi. Hakuna. Nikamwomba mzee anitafutie kipande cha baba yake, yaani kitambulisho chake, na cheti cha ubatizo kama kipo. Alirudi siku ya tatu. Karani wa mkoloni alikuwa ameandika Ongera, mchungaji alikuwa ameandika Zachariah kwa Kiingereza chake, na kwenye kadi ya kiwanda cha chai kulikuwa na Zakaria bila Ong'era kabisa, ila jina la babu. Mtu mmoja, karatasi tatu, watu watatu. Nikazijaribu zote, mbili mbili, pamoja na neno Nyamira. Bado hakuna.

Usiku wa tatu, bando likiwa limebaki kidogo, nilifungua ukurasa wowote tu wa miaka ya 1990, si kwa kutafuta jina bali kwa kutazama. Hapo nikaona. Unaposoma gazeti la zamani kwenye skrini unaona picha ya ukurasa. Lakini mashine haiisomi picha. Inasoma maandishi yaliyo nyuma yake, ambayo kompyuta iliyatoa yenyewe kwa kuyakisia maumbo ya herufi. Wino ukiwa umefifia, inakosea. Nilinakili mstari mmoja wenye neno Nyamira nikaubandika pembeni. Ikatoka: Nyarnira. Herufi m ilikuwa imesomwa kama r na n zilizokaribiana.

Kwa hiyo hata aliyeandika hakuwa wa mwisho kuandika. Baada ya karani kulikuwa na mpiga chapa, na baada ya mpiga chapa kulikuwa na kompyuta isiyojua kwamba kuna mahali panaitwa Nyamira. Nikafuta jina sahihi la kaunti yangu, nikaandika lile la makosa: Nyarnira. Na mbele yake, Zachariah.

Lilikuwa tokeo la nne. Mistari sita. Jina la marehemu, "alias" na jina la babu, kijiji chetu, mahakama ya Kisii, na jina la mwombaji, ambaye mzee alimtambua kabla sijamaliza kumsomea. Alikuwa binamu. Siku thelathini zilikuwa zimekwisha miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

Mzee hakulia wala hakupiga kelele. Aliomba nimsomee tena, polepole, kisha akauliza kama naweza kumchapia. Nilimweleza nilichokijua: kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 76, inairuhusu mahakama kufuta hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha mambo, na kwamba kuanzia hapo kazi ni ya wakili, si yangu. Alikwenda kwa wakili akiwa na karatasi ile mfukoni. Habari niliyoitoa redioni haikutaja familia yake. Ilieleza tu tangazo la mirathi ni nini, na siku thelathini huanza kuhesabiwa lini. Jumatatu iliyofuata nilikuta watu sita mlangoni, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni.

Kati ya hao sita, wawili tulipata. Wanne hatukupata, na ni haki niseme hivyo. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hawakuwa wamekutana na ofisi isiyoweka kitu mtandaoni. Kwa mambo hayo kuna njia nyingine, nayo ni karatasi na kalamu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nimeandika barua za namna hiyo kwa Kiswahili. Makarani hushangaa kwanza, kisha hutafuta muhuri. Hapo ndipo ile barua ya adabu niliyoiandikia kompyuta mwaka 2006 ina mahali pake.

Siku hizi vijana ninaowafundisha hawatafuti tena. Huuliza mashine zinazojibu kwa sentensi nzima, na zenyewe hupenda barua za adabu. Niliijaribu moja kuhusu Ikonge. Ikanijibu kwa Kiswahili safi, bila kusita, ikatuhamishia kaunti nyingine. Sizikatazi. Nawaomba tu wafanye nilichofanya na mzee: wadai kuona karatasi. Kama jibu halina ukurasa unaoweza kuufungua, wenye tarehe na mwenyewe, hilo ni neno la sokoni hata likivaa suti.

Nina daftari la utafutaji, la mkono, la kurasa mia mbili. Kila siku naandika maneno niliyoyatumia, tarehe, anwani ya ukurasa na nilichokikosa. Nikipata ukurasa muhimu nauhifadhi pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Wayback Machine, kwa sababu tovuti za ofisi zetu hufa bila matanga. Kwenye jalada la daftari hilo nimeandika neno moja kwa wino mwekundu, na wageni hudhani nimekosea tahajia ya kwetu.

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa, na kwenye tovuti ya Kenya Law linasomwa bure. Ijumaa hii, wewe uliyefiwa na mzazi mwenye shamba, chukua simu ya mtoto wako. Toa kipande cha marehemu na cheti cha ubatizo, uviweke mezani. Andika jina lake kama mlivyomwita, kisha kama karani alivyomwita, kisha kama mtu asiyemjua kabisa angeweza kulikosea. Siku ni thelathini tu.